Uzi: Unaijua bia nzuri, lakini bado unarudi kwenye bia ya kreti? Ingia ukiri

Hamira wa Bombolulu · Jumapili, saa 2 usiku

Salaam wadau wa Mombasa, wa kisiwani na wa ng'ambo zote.

Nina la kukiri. Mwaka wa nne huu napika bia yangu mwenyewe jikoni. Wanaonijua wamechoka na mimi. Nikienda Nairobi narudi na begi linalogongana chupa za Bateleur na 254, na nikipewa glasi sharti niinuse kwanza, mpaka mke wangu hujifanya hanijui. Krafti, kama tunavyoziita hizi bia za viwanda vidogo, nimezipigia debe hapa hadi mkanibandika hili jina.

Sasa Ijumaa nilitoka kazini Magongo. Malori ya kontena yameziba barabara hadi Changamwe, hakuna matatu inayosogea. Joto lile la Machi, shati limeganda mgongoni. Saa kumi na moja na dakika chache, yaani sheria ya Mututho, ile ya saa za kuuza pombe, ndiyo kwanza imefungua milango ya baa. Nikaona heri kukaa kuliko kusimama. Nikaingia moja ya mabati, feni moja, televisheni haina sauti. Dada akanijia na lile swali letu: "Baridi ama moto?" Nikasema Tusker, bia ya kreti ya viwanda vikubwa, baridi. Akaileta, akaipangusa maji, akaifungua pale pale mbele ya macho yangu, kifuniko akakiacha mezani. Glasi hakuleta na mimi sikuitisha.

Wadau, sikunusa kitu. Nilimeza. Funda la kwanza liliposhuka kifuani nikasikia masikio yanafunguka. Uchungu kidogo nyuma ya ulimi, utamu wa nafaka umepita kama mtu anayekusalimu huku ana haraka zake, basi, mdomo safi, unataka tena. Ya kwanza iliisha kabla sijatoa simu mfukoni. Nikaongeza mbili na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, chupa tupu tatu zikapangwa mstari mbele yangu zikingoja bili.

Nilipofika nyumbani friji ilikuwa na chupa sita za bia yangu mwenyewe, yenye hopsi, yale maua machungu ya kutilia bia, za kutoka nje, niliyoihangaikia wiki tano. Sikuigusa.

Mnaojua tofauti, huwa mnarudi? Lini? Na tusiambiane eti ni bei peke yake.

Kegi ya Jioni · saa 2:09 usiku

Kurudi? Sisi wengine hatujawahi kutoka.

Ladha Kwanza · saa 2:40 usiku

Hamira, umeniangusha. Kiu ni kitu kimoja na ladha ni kitu kingine. Mtu aliyekaangwa na lile joto hata ukimpa maji ya bomba atakuambia ni asali.

Bia ya kreti imetengenezwa isimkwaze mtu yeyote. Kimea kimo, sawa, lakini viwanda vikubwa duniani hukichanganya na vitu vya kuifanya bia iwe nyepesi. Budweiser ina mchele, wengine hutia mahindi, wengine sukari. Na hiyo baridi mnayoisifu ndiyo inayoficha: ulimi ukifa ganzi na harufu isipopanda puani, utajuaje unakunywa nini? Iache mezani nusu saa ndipo uniambie. Krafti nzuri ikipata joto kidogo ndiyo kwanza inafunguka.

Sikatazi mtu kunywa. Ila tuiite kwa jina lake, kiburudisho.

Ami wa Bandarini · saa 3:15 usiku

Kijana wangu Ladha, hilo la nusu saa mezani mimi nimelifanya tangu 1979. Nikiulizwa baridi ama moto, jibu langu ni moto. Miaka yote ya zamu pale gatini Kilindini, White Cap moto, itoke kwenye kreti lililo chini ya kaunta, isipite kwenye friji hata kwa kusalimia. Baridi inaniuma meno. Na bia ya moto hainyweki mbio, kwa hiyo mshahara ulikuwa ukifika nyumbani. Usinitishe na joto.

Mnaongea kana kwamba kabla yenu hapakuwa na ulimi. Kulikuwa na mtu wa Allsopps, mtu wa Pilsner, mtu wa Tusker, na ukimletea isiyo yake hagusi, anakutazama tu. Mwaka 1998 Wasauzi walipofungua kiwanda Thika na Castle yao, baa ziligawanyika kama siku za uchaguzi. Fulana za bure zilimwagwa. Mimi nilipata tatu, nikazivaa zote kwa zamu, nikinywa White Cap. Mwaka 2002 wakafunga, wakaenda zao. Watu hawagombani hivyo kwa sababu ya kiburudisho.

Na hiyo Tusker, je, mnajua jina lilikotoka? Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda mwaka 1922. Mwaka uliofuata George akaenda kuwinda, ndovu akamuua. Bia ikapewa jina la ndovu kwa kumkumbuka marehemu. Kila nikiitazama ile picha kwenye lebo huwa nawaza jambo moja: nduguye alikubali kumweka muuaji kwenye chupa, na sisi tunamnywa miaka mia na zaidi.

Ladha Kwanza · saa 3:22 usiku

Shikamoo Ami. Kwa White Cap moto sina jibu.

Dada wa Kaunta · saa 6:50 usiku

Ndiyo nimefunga hesabu sasa hivi. Mimi niko upande wa pili wa kaunta, Mtwapa, mwaka wa nane. Nitasema ninachokiona, msinikasirikie.

Mteja akija na wageni anaagiza ya bei, chupa ndogo ya kijani ya kutoka nje. Anaishika akiigeuza lebo iangalie watu. Wageni wakiaga, ananiita kwa kidole, sauti ya chini: "Dada, nipe Pilsner bwana." Na hapo mabega yanashuka, viatu vinavuliwa chini ya meza, anaanza kuongea habari za kwao. Nimeona hivi mara nyingi hata nikimwona mtu na wageni naiweka Pilsner yake kwenye friji mapema.

La pili. Hizo chupa za kijani na zile za rangi ya maji zikipigwa na jua, bia inabadilika harufu. Kwenye baa niliyokuwa kabla ya hii, mwenyewe alikuwa akizipanga dirishani kwa urembo. Wateja wakilalamika nilidhani ni maringo, mpaka nikainusa mwenyewe. Nikamwambia azitoe. Akanijibu kazi yangu ni kuuza. Basi watu wakawa wanakunywa uvundo kwa bei mara mbili, na wengine wanatikisa kichwa wanasema hii ndiyo ladha ya Ulaya.

Hamira wa Bombolulu · Jumatatu, saa 1 asubuhi

Dada, umenikata mbavu na nipo kwenye matatu. Lakini ulichosema ni kweli tupu. Mwanga huvunja vile vitu vichungu vinavyotoka kwenye hopsi, vikiungana na salfa iliyomo ndani ya bia vinatoa harufu ya kicheche. Dakika chache za jua kali zinatosha. Chupa ya kahawia huuzuia ule mwanga sana, ya kijani kidogo, ile nyeupe ni kama hakuna kitu. Kwa hiyo chupa ya kreti, hii ya kahawia iliyokwaruzwa na safari, ina akili kuliko ile ya urembo.

Bodaboda wa Daraja · saa 1:20 asubuhi

Mimi swali langu ni dogo. Mkishamaliza kuonja, nani anaendesha? Namba yangu mnayo.

Kegi ya Jioni · saa 7 mchana

Nimerudi, jana nilikuwa nimechoka. Mnazungumza habari za chupa kana kwamba kila mtu ana pesa ya chupa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, Mikindani. Jioni koo langu lina vumbi la chuma, nakwenda kwa Senator, bia ya kegi, yaani ya pipa, kikombe chenye mkono, nalipa nikishika kikombe.

Ilitolewa 2004 kuwavuta watu watoke kwenye chang'aa. Inapikwa kwa mtama, serikali ikaisamehe ushuru, ndiyo ikawa rahisi. Watu wakaiita Obama kwa sababu wakati ule Obama alikuwa seneta. Yeye akawa rais, kikombe kikabaki seneta.

Sasa sikilizeni. 2013 serikali ikaukata ule msamaha nusu. Bei ikaruka, sehemu za kegi zikafungwa moja baada ya nyingine. Mtu mwenye sh 50 mfukoni haachi kunywa kwa sababu bajeti imesomwa. Anashuka ngazi. Mei 2014 makumi ya watu wakafa huko bara kwa pombe yenye methanoli, wengine wakapofuka. 2015 msamaha ukarudishwa, asilimia 90. Kwa hiyo mtu akiniambia bia rahisi ni ya wasiojua ladha, namuuliza, ladha ya nini? Mimi ninayoijua ni ya kuamka asubuhi na kuona dari.

Ila nikiri na mimi. Kikombe cha mwisho wa pipa lililofunguliwa jana, kisicho na gesi, hicho hata mimi namwagia maua.

Ladha Kwanza · saa 7:31 mchana

Fundi, hilo nalikubali bila kupunguza neno. Wala sikuwa nikizungumzia wewe. Nazungumzia mtu kama Hamira, mwenye chupa sita kwenye friji.

Kotama · saa 10 jioni

Wageni nyinyi. Mnagombania bia ya kreti na krafti, na bia ya kwanza ya Pwani haijatajwa. Baba yangu ni mgema, Rabai. Anapanda asubuhi, anapanda jioni. Juu anakata ncha ya karara kwa kotama, kipande chembamba kama ukucha, tembo linadondokea kibuyuni usiku kucha. Haliwekwi hamira, chachu ipo hewani, ipo kwenye kibuyu chenyewe. Likishushwa ni tamu, mchana limeshakuwa kali, kesho yake ni siki ya kutilia kachumbari. Nyinyi mna bia za kulazwa pishini mwaka mzima, mimi nimekulia kinywaji chenye umri wa saa kumi.

Na mimi nikiwa mjini nakunywa bia ya kreti. Nitawaambia kwa nini. Mangweni, kule linakonywewa tembo, kila mgema ana mkono wake, na mkono ukiwa mbaya unaujua ukishalipa. Tena ukimsifu ndiyo umeharibu kabisa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bia ya kreti haijasifiwa na mtu hata siku moja. Ndiyo maana haijatiwa maji.

Mtu wa Matangi · saa 12:05 jioni

Kotama, nimecheka, halafu nikakumbuka nilikuwa nikifanya kazi gani. Maji hutiwa.

Nimestaafu kwenye kiwanda cha bia, sitasema kipi. Ni jambo la kawaida duniani kote kwa viwanda vikubwa: bia inapikwa kali kuliko itakayouzwa, ikishachacha na kukomaa ndipo inapunguzwa kwa maji yaliyotolewa hewa yote, mpaka ifike kipimo. Tangi lile lile linatoa bia nyingi zaidi. Hakuna wizi hapo. Lebo ikisema asilimia 4.2, ndani ni 4.2, leo na mwakani.

Na hiyo "leo na mwakani" ndiyo kazi yenyewe. Shayiri ya Timau ya mwaka wa mvua haifanani na ya mwaka wa ukame, na ya Mau Narok ina tabia zake. Kimea kinabadilika, hamira inazeeka, lakini mnywaji wa Voi na wa Lamu wote wanataka ile ile ya mwezi jana, hata tone lisisogee. Kuna watu kazi yao ni kukaa na vijiglasi wakitafuta tofauti. Wakiipata, kuna mtu siku yake imeharibika. Krafti ikibadilika ladha inabandikwa lebo mpya inaitwa toleo maalum. Kwetu ikibadilika ladha, bia inamwagwa.

Kuhusu bei nayo, kijana Ladha, usiwalaumu sana wa krafti wala usiwasifu sana. Hopsi huja kwa meli. Mmea ule unataka siku ndefu za kiangazi ndipo uchanue vizuri, na sisi huku jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima. Hata Sauzi, kule George, iliwabidi wazalishe aina zao wenyewe zinazovumilia siku fupi. Sasa mwenye kiwanda kidogo anazinunua kwa kilo chache, mkubwa anazinunua kwa kontena. Tofauti ya bei unayolipa, sehemu kubwa ni hiyo, wala si ufundi wote.

Kotama · saa 12:11 jioni

Kumbe hulitia maji bila hata kusifiwa. Nitamwambia baba.

Hamira wa Bombolulu · saa 3 usiku

Mzee Matangi ameniwahi. Hapo ndipo nilipotaka tufike, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuanzisha huu uzi. Habari ya foleni ilikuwa mlango tu.

Mimi nimejaribu kupika lager, bia ya kreti ya kawaida kabisa, mara tatu. Mara tatu imenishinda.

Ale, bia inayochachishwa kwenye joto zaidi ya lager, naiweza. Hamira yake hupenda nyuzi 18 hadi 22, na jikoni kwangu usiku wa Machi ni 29, lakini kuna njia. Ndoo naiweka ndani ya beseni la maji, naivisha fulana kuukuu iliyolowa, feni inaipuliza, na chupa za maji yaliyoganda nabadilisha asubuhi na usiku kama mtu anayemkanda mgonjwa wa homa. Ikinizidi nguvu, bia inatoka na harufu ya ndizi mbivu na inagonga kichwa vibaya. Hapo naongeza hopsi, na mgeni hajui kitu, anasema "aah, hii ina maua". Hopsi kwangu ni bizari ya pilau iliyoungua.

Lager haina pa kujificha. Hamira yake inataka nyuzi 10 hivi, kisha bia ikae wiki kadhaa karibu na kuganda, ijisafishe yenyewe. Nikanunua friza ya mitumba. Mara ya kwanza stima zilipotea siku mbili, nikapata ndizi. Mara ya pili nilifunika sufuria wakati wa kuchemsha ili kuokoa gesi. Ikatoka inanuka mahindi ya kuchemsha, kwa sababu ile harufu ya kimea hutakiwa iondoke na mvuke, na mimi niliifungia ndani kwa mkono wangu. Mke wangu aliuliza mahindi yako wapi.

Mara ya tatu kila kitu kilikwenda sawa. Wiki tisa. Ikawa nyangavu, povu jeupe, nikaona nimefika. Nikamwonjesha shemeji yangu, ambaye hajawahi kunusa bia maishani mwake. Akanywa. Akafikiri. Akasema, "Hii ni kama Pilsner, ila haijafika."

Wiki tisa, wadau. Na hakuwa na nia mbaya. Nilionja tena baadaye peke yangu, na kweli ilikuwa haijafika. Tangu siku ile nikishika chupa ya kreti nashika kitu nisichokiweza.

Mjukuu wa Mji wa Kale · Jumanne, saa 4 asubuhi

Mimi sinywi, na niliingia humu nikidhani hamira ni ya mahamri. Lakini nimesoma yote, sasa siwezi kutoka bila kuchangia.

Ndugu yangu mmoja ana mashine ya kahawa Nyali, ya Kitaliano, inapiga honi kama meli. Anapima maji kwa gramu. Kahawa yake nzuri, siwezi kumsema. Lakini ikifika magharibi, baada ya sala, nakwenda kwa mzee wa dele, kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa chungu imechemshwa tangu alasiri, na kipande cha kashata. Ile kahawa kwa kanuni za ndugu yangu imeungua. Huyo ndugu yangu naye nimemkuta pale mara mbili. Tulitazamana, hakuna aliyesema kitu.

Ami wa Bandarini · saa 4:30 asubuhi

Mwanangu, karibu. Wewe umeelewa kuliko wanywaji.

Ladha Kwanza · saa 6 mchana

Naona nimegeuzwa Firauni wa huu uzi. Basi tufanye hivi. Jumamosi, glasi tano, chupa zisionekane, mtu mmoja amimine. Nikishindwa kuzitofautisha, nitafuta jina langu humu nijiite Kiburudisho.

Hamira wa Bombolulu · saa 6:04 mchana

Barazani kwangu. Krafti nane za Nairobi ninazo, na bia yangu.

Dada wa Kaunta · saa 6:20 mchana

Jumamosi niko mapumziko, nitamimina mimi. Nitaleta kreti moja la mchanganyiko, chupa 25, kwa jina langu. Zirudi 25. Sitanii.

Dada wa Kaunta · Jumapili, saa 5 asubuhi

Nimeachiwa kuandika matokeo kwa sababu ni mimi tu ambaye sikunywa.

Tulikuwa tisa. Glasi tano kila mtu: Tusker, Pilsner, White Cap, krafti moja na ile ale ya Hamira. Mliokuja kumcheka Ladha, pole zenu. Alizitambua zote tano. Tusker na White Cap hakuzichanganya, alizinusa, akaonja, akasema bila kusita. Halafu akaomba maji, jasho linamtoka. Kwa hiyo jina anabaki nalo.

Ami alitambua moja, White Cap. Hizo nyingine nne alisema "si yangu" na kuzisukuma kwa kidole kimoja. Kegi ya Jioni alisema bia ya Hamira inanuka sabuni ya maembe, akanywa glasi mbili zaidi kuhakikisha. Mzee Matangi hakukubali kubahatisha. Alinyanyua kila glasi kwenye taa, akaitazama, akasema "sawa", akainywa. Nilipomuuliza sawa nini, alisema zote hazina kasoro.

Saa mbili na robo stima zikapotea mtaa mzima. Friji ikanyamaza, tukawasha mishumaa, na hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Kufika saa nne hakukuwa na kitu baridi. Krafti kwenye joto kweli ilifunguka kama Ladha alivyosema, ilinukia ganda la chungwa hadi upande wangu wa meza. Lager moja, na jina lake sitalitaja, ilianza kufanana na uji uliolala. Watu wakaweka glasi chini mmoja mmoja. Ami akazikusanya zote mbele yake, akasema ndiyo kwanza zimeiva.

Lakini mimi huhesabu chupa, ndiyo kazi yangu. Mpaka stima zinapotea, krafti zilizofunguliwa ni tatu kati ya nane. Za kreti zilikuwa zimebaki saba. Na muhogo ulipotoka jikoni, mama Hamira alileta sinia nzima na chatini ya ukwaju, nilimwona Ladha akiinuka, akaenda kwenye beseni la barafu, akachagua Pilsner, akaifungulia kwenye pembe ya meza ya watu, akakaa kwenye ngazi. Glasi yake ilibaki mezani.

Bodaboda alifanya safari nne. Asanteni.

Sasa jambo la mwisho na ndilo la maana. Zilitoka 25. Nimezihesabu mara mbili, zimerudi 24. Moja haipo, wala tupu wala jaa. Dipoziti iko kwa jina langu. Nani ana chupa yangu?

Kotama · saa 5:10 asubuhi

Mimi nilirudi na kibuyu changu tu.

Ami wa Bandarini · saa 5:25 asubuhi

Mimi sibebi bia, bia hunibeba mimi.

Ladha Kwanza · saa 7 mchana

Iko kwangu. Nitaileta Jumatatu.

Dada wa Kaunta · saa 7:02 mchana

Tupu ama jaa?

Ladha Kwanza · saa 7:40 mchana

Kwa sasa jaa. Iko kwenye friji, karibu na mlango. Nitaileta Jumatatu ikiwa tupu.